Miaka 11 naonyesha wageni maziwa ya Momella, wanangu hawajawahi kufika. Tumeanza kusomea nyumbani, njooni tushauriane

Dereva wa Meru

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, huu mwaka wa 11. Kazi yenyewe ni usukani na mdomo: huyu mbega, yule nyati mzee kafukuzwa kundini, shimo hili la Ngurdoto lilikuwa volkano. Julai nilibeba familia ya Wamarekani, baba, mama na watoto watatu ambao shule hawaendi. Nilidhani wako likizo. Kumbe ile safari ndiyo shule yenyewe. Kila mtoto ana daftari, jioni kambini anachora alichokiona na kuandika maswali. Majibu yanatafutwa baadaye. Tukiwa Momella yule mdogo wao akanigeukia: "Wanao wanapenda ziwa lipi kati ya haya?"

Nikamjibu, "Momella Kubwa."

Uongo mtupu. Wanangu hawajawahi kukanyaga Momella. Tunaishi Sakina, kutoka kwetu hadi geti la hifadhi la Ngongongare hata mpira wa dakika tisini haujaisha umefika. Mvulana wa miaka saba kutoka ng'ambo anajua kwa nini flamingo ni wa pinki, binti yangu wa miaka 13 anamjua flamingo wa kwenye kanga. (Vitabuni wanasema heroe. Sisi madereva tunasema flamingo, msinisahihishe.)

Sasa hali ya nyumbani. Binti kamaliza la saba Septemba, yuko nyumbani mpaka Januari akisubiri kidato cha kwanza. Mtaani kwetu wenzake wote wamepelekwa tuisheni ya prifomu wani. Mdogo wake ana miaka 6, alikuwa darasa la awali kwenye shule moja ya kulipia, jina silitaji. Basi lilimpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, likamrudisha saa kumi jioni kalala na begi mgongoni. Kila siku kurasa tatu za a e i o u, kama karani wa mahakama. Mama yao akasema imetosha, huyu akae nyumbani mpaka Januari aanze la kwanza akiwa na miaka saba yake, na dada yake naye tuisheni asiende. Tutawafundisha wenyewe.

Wiki ya kwanza mimi niko Serengeti. Mama watoto akabandika ratiba ukutani: saa mbili Hisabati, mbili na dakika arobaini Kiingereza, na kengele akaweka, sufuria na mwiko. Jumatano usiku nikapata mtandao Seronera, napiga simu, nakuta sauti ya kilio. "Baba nanii, hawa watoto wananichukia." Mdogo alikuwa anamwita mama yake mzazi "mwalimu" hata mezani, na ananyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni, choo cha kwao mwenyewe.

Nikarudi nina siku nne kabla ya wageni wengine. Nikasema ratiba ishuke kwanza. Alhamisi tukapanda Hiace hadi Tengeru, tukashuka kwa miguu hadi Ziwa Duluti na chapati zetu kwenye kontena. Tumezunguka nusu ya njia ya msituni, mdogo akasimama. "Baba, mto wake uko wapi?"

Mto upi?

"Unaoleta maji."

Wakuu, Duluti ni kreta. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, maji yanapenya chini kwa chini. Mimi hilo nalijua, nimelisema mara mia kwa Kiingereza. Ila hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuliuliza kwa namna ile, kama mtu aliyekuta nyumba haina mlango. Jioni ile binti akashika simu ya mama yake, akaingia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu viko bure mle, akafungua Jiografia ya sekondari kwenye volkano. Hakutumwa na mtu.

Sasa naomba ushauri. Tunayo mpaka Januari, na mama watoto ameanza kusema kwa nini tuishie Januari.

Mzee wa Kilombero

Mkuu, hayo mambo tuwaachie wazungu. Mtoto anafunzwa na wenzake uwanjani, kugombea mpira, kunyang'anywa andazi. Ukimfungia na mama yake atatoka laini kama parachichi la Njombe. Halafu prifomu wani zipo kwa sababu: Kiingereza cha kidato cha kwanza kinaua. La saba kasoma kwa Kiswahili, Januari anaambiwa *photosynthesis*. Utamchukuaje huyo mtoto umpeleke ziwani?

Mama Wawili

Nimeweka kambi hapa. Niko Njiro, swali langu ni hili hili miaka miwili sasa ila naogopa mama mkwe.

Mwl. Chaki

Mleta mada, mimi ni mwalimu wa serikali, la sita. Sikukatishi tamaa ila lazima usikie ya kwenye karatasi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Mzazi asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo huyo mdogo mpaka Januari yuko salama, hajafika umri. Baada ya hapo "namfundisha sebuleni" si jibu la kumpa Afisa Elimu Kata akija kugonga. Nenda ofisini kwake wewe kwanza kabla hajaja yeye. Na binti akishapangiwa shule, aripoti. Wazazi wamefikishwa kwa watendaji kwa hilo, tena wengine walikuwa na sababu nzuri kuliko yako.

Njia ya nje ya shule ipo kwa sekondari: mtu anafanya Mtihani wa Maarifa, QT tunayoijua, halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia halali ya Baraza la Mitihani. Ila imewekwa kwa watu waliokosa nafasi, na wengi wanaoipita wanahangaika sana na masomo ya maabara. Usiichague kwa sababu ya ziwa zuri.

Baada ya kusema hayo, wazo lenyewe nalipenda. Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba shule inamng'oa mtoto nyumbani na shambani kwao, inamfanya aone wasiosoma hawana cha kumfundisha. Mimi nina watoto 94 darasani. Nikiwapeleka 94 Duluti narudi na wangapi?

Dereva wa Meru

Mwalimu, shikamoo na asante. Binti ataripoti, hilo halina mjadala, na mama watoto nimemsomea ujumbe wako wote. Amenyamaza. Kunyamaza kwake nakujua, kuna kitu anapika. Ila Jumatatu anakwenda kwa Afisa Elimu Kata.

Mzee wa Kilombero, wenzake wapo. Kila saa kumi uwanja wetu wa Sakina unajaa na mdogo anarudi na magoti yametoka damu kama kawaida. Andazi ananyang'anywa vizuri tu. Kuhusu Kiingereza uko sahihi na limetuuma. Tulichofanya: nikiwa safarini binti ananiandikia kila jioni alichosoma kwa Kiingereza, mistari mitano, namsahihisha kwa sauti, maana Kiingereza changu cha kuandika nacho ni cha porini.

Bint Tengeru

Kaka, mkija tena Tengeru msiishie ziwani. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Mimi nimekulia karibu pale na nimefika mara ya kwanza nina miaka 24, aibu tupu.

Historia yake kwa kifupi: wakati wa Vita Kuu ya Pili Wasovieti waliwachukua Wapolandi wengi wakawapeleka Siberia. Walipoachiwa wakapita Uajemi, na kuanzia 1942 karibu 5,000 wakaletwa Tengeru, wengi akina mama na watoto. Walikaa kwenye vibanda vya msonge, wakalima, wakajenga kanisa. Na shule. Watoto hawakuwa na nchi wala vitabu ila shule ilianzishwa kambini hapo hapo. Wengine hawakuondoka, wamelala pale.

Mama Wawili

Jamani samahani niseme ukweli wangu. Mleta mada ni dereva wa watalii. Milima anaijua, ndege anawajua. Mimi ni karani, mume wangu fundi friji. Tukienda Duluti tutaona maji na miti, tutakula, tutarudi. Nilijaribu Agosti wakati wa likizo, nikawapeleka wangu makumbusho ya Azimio pale kwenye mnara wa Mwenge. Tulimaliza kwa dakika kumi na tano. Mkubwa akauliza kama kuna juisi.

Dereva wa Meru

Dada, umenigusa kwa sababu makumbusho hayo hayo sisi pia tulimaliza haraka. Nilianza kuhutubia, halmashauri kuu ya TANU ilikaa Arusha Januari 1967, Azimio likatangazwa Februari 5, nikaona macho ya binti yamezima. Ugonjwa wa kazi huo, naongea kabla sijaulizwa.

Kilichonisaidia hakikuwa ujuzi wangu. Mama watoto hajui ndege hata mmoja zaidi ya kunguru na kuku, na siku bora kuliko zote ilikuwa yake. Aliwapeleka soko la Tengeru Jumamosi na elfu kumi na tano, akawaambia mkileta chakula cha siku tatu na chenji, chenji yenu. Akakaa kwa mama muuza mitumba. Wale watoto walizunguka saa mbili. Binti akagundua sado (kopo la kupimia) ya maharage ya mama mmoja ina kitako kilichobonyezwa kwa ndani, akakataa. Mdogo kwa mara ya kwanza akajua elfu mbili mia tano ni noti zipi na sarafu ipi, kwa sababu aliogopa kudhulumiwa. Walirudi na mkungu mdogo wa ndizi mshare ambao hakuna aliyefikiria nani ataubeba. Wakaubeba kwa zamu, nguzo hadi nguzo, na hesabu ya nguzo wakaiandika.

Ukarani wako nao una kitu. Nani anawafundisha watoto kusoma risiti?

Mzee wa Kilombero

Hiyo ya sado nimeipenda. Huyo binti aje kwangu nimpe kibarua.

Mangi wa Kirua

Watu wa Arusha mnapenda maziwa sana. Njooni Moshi, kilomita 80 tu, niwaonyeshe mfongo.

Nawaeleza wasiojua. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, kinakunywa maji ya mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, hakuna pampu hapo, ni mteremko peke yake. Maji yanatoka mtoni kule juu, yanatembezwa ubavuni mwa bonde kwa mwinamo mdogo kiasi kwamba ukisimama unaona kama yanapanda. Mtoto wa kidato cha kwanza akiuelewa ule mwinamo, Fizikia atakuwa anaikumbuka tu. Halafu kuna zamu. Kila ukoo na saa zake, mwizi wa maji anapigwa faini, zamani kwa pombe. Hiyo ni Uraia, tena ya vitendo.

Ndani ya kihamba chenyewe mna ghorofa: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi. Na mbege bibi yangu anapika bado: ndizi zinachemshwa, ulezi unaoteshwa na kusagwa, magome ya msesewe kwa ukali. Kabla hamjanipigia kelele, mtoto hanywi. Anaangalia povu na anauliza povu linatoka wapi. Mimi nilijua hamira ni kiumbe hai kutoka jikoni kwa bibi, shuleni walikuja kuniambia jina lake la Kilatini tu.

Dereva wa Meru

Mrejesho.

Novemba imeingia, mvua, wageni hakuna, na mimi niko nyumbani hadi nakera. Yafuatayo yamefanyika.

Mnara wa Saa. Mnajua wanavyosema, uko katikati ya Cairo na Cape Town. Wageni nimewaambia hivyo miaka yote bila kupima. Binti akatoa atlasi na uzi wa kushonea, akafunga fundo Arusha, akavuta hadi Cairo, akakata, akaugeuzia Cape. Haukufika. Ulipungua kidogo sana, kwa kipimo cha ramani ile kama kilomita mia na kitu. Akatangaza kwamba nimekuwa nikiwadanganya wageni. Mama yake akasema barabara hazinyooki kama uzi, labda kwa gari ni katikati kweli. Wamebishana mpaka ugali ukapoa. Sikuwaamulia, na sitawaamulia.

Makaburi ya Tengeru. Bint Tengeru, asante. Nilikaa kimya safari hii. Binti alianza kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, jiwe hadi jiwe, kwa kichwa. Akafika kwa mmoja, akatoa, akanyamaza, akatoa tena kwa vidole. Alikuwa mtoto mdogo kuliko mdogo wake. Tuliondoka bila kuandika kitu kwenye daftari siku ile.

Na Momella. Nimeazima Noah ya jirani, tumelipa kiingilio cha Watanzania kwa kontroli namba, ambacho nikikilinganisha na wanacholipa wageni wangu naona haya kwa miaka niliyochelewa. Flamingo walikuwepo, si wengi. Mdogo alipoambiwa rangi yao inatoka kwenye wanachokula, yaani mwani na vidudu vya majini, akauliza kama akila mchicha atakuwa kijani. Mama yake akamwambia aanze kula kwanza ndipo tuone. Binti yeye alishangaa maziwa yako jirani na kila moja lina rangi yake. Nikamwambia madini yake hayalingani, ndiyo maana mwani wake haulingani. Na visiwa na vilima vile vidogo vidogo vilivyotapakaa huko ni Meru yenyewe, ubavu wa mashariki ulioporomoka zamani ukamwagika mpaka kule. Akageuka akautazama mlima ulivyobonyea kama jino lililong'oka.

Jino ndilo lililofuata. Tumetoka getini, mvua ikatushika, nikaona tulale kwa bibi yao, mama yangu, upande wa Maji ya Chai. Noah ikazama kwenye tope mita mia mbili kutoka kwake. Jeki, mawe, migomba ya watu, saa nzima. Usiku, taa ya sola, bibi anacheka tulivyochafuka, mdogo anamtazama mdomoni. "Bibi, meno yako ni ya rangi ya chai kwa sababu ya Maji ya Chai?"

Nilitaka kufa. Watu wa Arumeru mnajua meno haya yamewafanya wangapi wafunike mdomo wakicheka. Bibi hakufunika. Akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Muulize baba yako, si ndiye anafundisha wazungu."

Basi tukakaa na hilo swali hadi saa nne usiku. Jina la Maji ya Chai lilikuwa limemponza: rangi ya mto haihusiani, kinachochafua meno ni floridi, nayo haina rangi, maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakawa nayo. Inatoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango salama cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Zile Momella tulizotoka kuzisifia asubuhi, flamingo na picha, zina mamia. Mlima ule ule ulioleta ziwa zuri ndio uliochora meno ya bibi. Binti akapinga: mama anakunywa maji ya Arusha miaka 15, mbona yake meupe? Mama watoto ni wa Tanga. Akajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akasema labda meno yanaharibika wakati bado yanajengeka, kabla hayajaota. Ndivyo ilivyo. Akatazama meno mapya ya mdogo wake, yale mawili ya mbele yanayoanza kuchomoza, na hakusema tena kitu. Asubuhi akaniuliza maji yetu ya Sakina yana ngapi.

Sijui kama mnanielewa. Miaka 11 nimelieleza ziwa lile, na sijawahi kulitaja pamoja na mdomo wa mama yangu.

Mwl. Chaki

Naongeza moja kwa binti: kuchemsha maji hakuondoi floridi, maji yakipungua ndiyo inazidi. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaichukua na kuishika. Kuna kituo cha utafiti wa mambo hayo hapo hapo Ngurdoto. Na nikuombe ruhusa hilo swali la meno nilipeleke darasani kwangu. Nusu ya darasa wanafunika mdomo.

Dereva wa Meru

Lichukue, mwalimu. Bibi amekubali.

Mama Wawili

Tulienda dukani na risiti jana. Mkubwa amegundua tumelipishwa sabuni mara mbili wiki iliyopita. Sasa hivi anakagua risiti za mwaka mzima, ameanza kumhoji baba yake kuhusu gesi za friji. Mama mkwe anauliza mtoto kaingiwa na nini.

Mleta mada, kwa Afisa Elimu Kata ilikuwaje?

Dereva wa Meru

Alimpokea vizuri, akamwambia alichosema Mwl. Chaki karibu neno kwa neno: Januari mdogo aandikishwe la kwanza. Mama watoto amerudi na fomu ya shule ya serikali ya hapa karibu, anatembea kwa miguu dakika tano, hakuna basi la alfajiri. Saa nane mchana anakuwa nyumbani. Hicho ndicho alichokuwa anakipika. Mchana na Jumamosi ni zetu.

Mangi, tunakuja wiki ijayo. Noah ina nafasi tatu, Mama Wawili kama mko tayari mseme mapema. Siku gani maji yanafunguliwa?

Mangi wa Kirua

Zamu yetu Alhamisi, saa kumi alfajiri. Najua umesema mtoto ametoka kwenye basi la saa kumi na moja na nusu, lakini maji hayamsubiri mtu. Mlale kwangu Jumatano. Mje na mabuti na tochi, na huyo wa mchicha apewe jembe dogo, ninalo.